Berna Rautio na Siri za Majiko ya Watu

Watu wa Kivela, mji wetu mdogo karibu na Ziwa Superior kaskazini mwa Amerika, walimwogopa Berna Rautio kuliko walivyomwogopa daktari wa meno, na sababu ilikuwa moja tu: ukimwomba akujengee jiko, alikuja kwanza kukutazama ukipika. Hakuleta michoro wala sampuli za rangi. Alileta kigoda chake, akakitua kwenye kona, akachomoa penseli sikioni na kusema, "Haya, endelea. Jifanye sipo."

Nani anaweza kujifanya hamwoni mwanamke mwenye urefu wa karibu futi sita, ovaroli imejaa vumbi la mbao, anayehesabu hatua zako kwa sauti?

"Kumi na nne," alimwambia mke wa mchungaji siku moja. "Kumi na nne kutoka friji mpaka sinki, kwa ajili ya karoti moja. Unajiandaa kwenda Chicago kwa miguu, mama?"

Mke wa mchungaji alicheka, ila aliungua kidole. Jiko alilojengewa baadaye lilikuwa na hatua nne.

Mimi ni Aldo Perucco, fundi bomba. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimelala chali chini ya masinki ambayo Berna aliyatengenezea makabati, kwa hiyo nayajua majiko ya mji huu kutokea chini, upande ambao wageni hawauoni. Namjua Berna pia. Nilikuwepo karibu kila alipofanya utundu wake, na mara moja nilishiriki kumfanyia utundu yeye. Nitafika huko.

Baba yake, mzee Eino, alikuwa seremala. Mama yake, Senja, alipikia wachimba chuma kwenye bweni la mgodi, wanaume ishirini na wawili, asubuhi na jioni. Jiko la bweni lilichorwa na bwana mmoja wa ofisini ambaye, kwa maneno ya Senja, hajawahi kuchemsha hata yai. Makabati ya chini yalikuwa marefu kwenda ndani kama pango. Sufuria kubwa zilikaa nyuma kabisa, na kila siku Senja alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega mle ndani, akatoka na sufuria na tusi la Kifini. Berna akiwa na miaka tisa alimsikia mama yake akilia mle kabatini. Mama alipotoka, uso ulikuwa mkavu, akaendelea kumenya viazi. Berna alinisimulia hilo mara moja tu, tukiwa kwenye lori lake, halafu akaongeza sauti ya redio.

Alipoanza kazi na baba yake, watu walikuwa wanataka majiko ya kwenye magazeti. Berna alibishana nao mpaka mzee Eino akamkalisha chini.

"Binti yangu," alimwambia, "mteja akitaka upuuzi, mjengee upuuzi. Ila ujenge vizuri."

Berna akatii, kwa namna yake. Alijenga upuuzi waliotaka, tena kwa ustadi, lakini ndani ya kila jiko alificha kitu kimoja cha maana ambacho hakikuombwa. Hakukisema, hakukiandika popote, na hakukilipisha. Alikiacha pale mpaka mwenye jiko akigundue mwenyewe. Wengine waligundua baada ya wiki, wengine baada ya miaka sita. Nilipomuuliza kwa nini asiwaambie tu, aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini tunacheza karata.

Aliyeyapata hayo zaidi ya wote ni Maureen Trevarrow.

Maureen alisoma darasa moja na Berna tangu wakiwa wadogo, na walikuwa marafiki wa aina ile ambayo mgeni angedhani wana kesi mahakamani. Maureen alikuwa mfupi, mwenye sauti ya filimbi, mke wa Clifford daktari wa meno, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuna mtindo wa jiko uliopita Amerika bila kulala nyumbani kwake.

Mwaka wa sabini na nne alitaka zulia.

"Zulia la sebuleni?" akauliza Berna.

"La jikoni."

"Maureen, hebu sema tena, sikio hili lina vumbi la mbao."

"La jikoni, Berna! La rangi ya chungwa. Kila mtu anaweka. Miguu inakaa na joto."

"Vaa soksi, shoga yangu."

"Nani mteja hapa?"

Zulia likawekwa. Agosti ile Maureen alipika jemu ya matunda ya buluberi, sufuria nzima ikamponyoka. Doa lililobaki lilikuwa na umbo la Ziwa Superior, na Clifford, mtu mpole asiyejua kunyamaza, alikuwa akiwaonyesha wageni juu yake mahali mji wetu ulipo. Lakini miezi saba baada ya jiko kukamilika, simu ililia karakanani kwa Berna. Mimi nilikuwa hapo nikisubiri bawaba.

"Berna!" Sauti ya Maureen ilisikika mpaka nilipokaa. "Kuna kitu kimetoka kabatini. Kimetoka kama ulimi!"

"Kikubwa?"

"Ubao! Ubao mpana, laini kabisa. Nimevuta kile kipande cha urembo pale chini ya kaunta, ukaja mzima mzima. Ni wa nini?"

"Wewe unapika nini Jumamosi?"

Jumamosi Maureen anatengeneza pasti, kama sisi wote: unga unasukumwa, unajazwa nyama, viazi na tanipu, unakunjwa, unaingia ovenini. Kwa miezi saba alikuwa anasukumia unga kwenye kaunta, ambayo kimo chake kilimfika mbavuni. Ubao ule ulikuwa umepimwa kwa kiwiko chake.

"Mshenzi wewe," akasema Maureen, akakata simu.

Jumamosi hiyo pasti sita zilifika karakanani, zimefungwa kwenye taulo. Hakuna karatasi iliyoambatana nazo.

Mwaka wa themanini na sita ikawa mabata bukini. Mabata kwenye karatasi ya ukutani, mabata kwenye mapazia, yote yamefungwa utepe wa buluu shingoni, na kaunta nzima ikafunikwa vigae vidogo vidogo. Berna alimwonya kuhusu vigae. Alimwambia unga utaingia kwenye kila mfereji kati ya kigae na kigae, na hautatoka. Maureen akasema ataufuta. Kwa miaka kumi na tatu aliufuta kwa miswaki, na bahati yake ni kwamba nyumba ya daktari wa meno haikosi miswaki. Nilipokwenda kuzibua sinki nilimkuta ameinama, anasugua mstari mmoja baada ya mwingine, bata wote wakimtazama.

"Usiseme neno, Aldo."

"Sijasema."

"Umefikiria. Nimekusikia."

Katika jiko hilo alichoficha Berna kilikuwa chini kabisa, kwenye ule ubao wa kuziba nafasi kati ya makabati na sakafu. Maureen alikigundua kwa hasira. Alikuwa anajaribu kufikia bakuli la rafu ya juu, likamponyoka, likavunjika, akaupiga ubao teke. Ubao ukatoka taratibu ukiwa droo, na ndani yake kulikuwa na kijingazi cha kukunja, cha vidato viwili, kinachombeba mtu mfupi mpaka kwenye rafu ya juu kabisa. Alikuwa ameteseka juu ya kiti kilicholegea mguu kwa mwaka mzima na ushee. Mara hiyo alikuja mwenyewe karakanani, akaingia bila kubisha hodi.

"Mwaka mzima, Berna! Ungeniambia!"

"Ungesema hukitaki. Ungesema unaonekana mfupi."

"Mimi si mfupi!"

Berna akaendelea kupiga randa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Jiko la tatu nisiwachoshe nalo. Lilikuwa na mbao za rangi nyekundu iliyokolea na vichala vya zabibu za plasta kila pembeni, giza tupu, hata Clifford alikuwa anaingia na tochi kutafuta biskuti. Palifichwa uwazi mwembamba kando ya oveni wa kusimamishia masinia. Safari hiyo Maureen aliugundua ndani ya siku tatu, maana sasa alikuwa anatafuta. Alipita nyumba nzima akigonga mbao kama daktari anayegonga kifua.

Ndipo ikaja nyeupe.

Mwaka 2014 Maureen alikuwa na miaka sitini na tatu, na alimwita Berna, ambaye naye alikuwa sitini na tatu, akamwonyesha picha kwenye simu. Makabati ya juu hakuna. Mahali pake rafu tupu, wazi, zenye bakuli nyeupe kumi na mbili. Milango haina vishikio. Kila kitu cheupe, hata viti.

"Vitu vyako utaweka wapi?" akauliza Berna.

"Kwenye rafu."

"Kechapu?"

"Sitakuwa na kechapu."

"Na vile vidude vyako vya plastiki vya kuwekea mabaki? Una mia mbili. Nimeviona. Na vifuniko mia tatu visivyoingiana na chochote."

"Nitavitupa."

"Na supu za kopo za Clifford?"

Maureen akasita. Clifford bila supu zake za kopo hakuwa Clifford. "Tutaona," akasema.

"Maureen, nisikilize kama mtu mzima. Wewe unapika kila siku. Kitu kikiwa wazi kinashika mafuta na vumbi, utakiosha kabla ya kukitumia na baada ya kukitumia. Hilo jiko kwenye simu halijapikiwa hata kitunguu. Mimi sikujengei jiko la picha. Mimi najenga jiko la Jumanne."

"Na mimi nataka jiko la Jumapili," akasema Maureen. "Nimepika Jumanne miaka arobaini. Ruhusa?"

Berna alirudi nami kwenye lori. Nilitegemea atukane. Badala yake alisema, "Jibu zuri hilo," akawasha gari.

Alimjengea. Nakwambieni lilikuwa zuri. Mwanga wa theluji uliingia dirishani ukajaa mle ndani kama maziwa kwenye jagi. Maureen alisimama katikati akiogopa kugusa kitu.

Majira ya kuchipua mwaka uliofuata akina mama wa maktaba waliandaa matembezi ya majiko, unalipa kiingilio kidogo cha kununulia vitabu vya watoto, unaruhusiwa kupitapita kwenye majiko sita ya watu na kuyasengenya njiani. Jiko la Maureen lilikuwa la mwisho, kwa maana ndilo lililosubiriwa. Watu kama arobaini walikuwa wamebanana mle, wamevua viatu, wanaongea kwa kunong'ona. Maureen alivaa nyeupe. Alikuwa anaeleza habari ya utulivu.

"Ukiwa na vitu vichache," alikuwa anasema, "akili inapumua. Mimi niliachana na vitu vyote. Vyote! Na wala sijavikumbuka."

Berna alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Akanigusa kiwiko.

"Aldo, unaonekana umechoka. Hebu egemea pale ukutani, karibu na friji. Hapana, sogea kidogo kushoto. Hapo hapo."

Mimi ni mtu mzito, na mgongo ulikuwa unaniuma kweli. Nikaegemea.

Ukuta ukasema *tik.* Kisha ukanisukuma kidogo, kama mtu anayekuomba umpishe, na ubao mweupe wa kutoka sakafuni hadi dari ukafunguka nyuma yangu. Vikaanza vifuniko vya plastiki. Vilishuka kwa mkupuo, vikateleza sakafuni mpaka kwenye soksi za mke wa mchungaji. Vikafuata vidude vyenyewe. Nyuma yake ilikuwa stoo kamili, rafu kumi za mbao safi, kila moja na kina cha kopo moja tu ili kitu kisipotee nyuma, na zote zimejaa pomoni: supu za Clifford, kechapu tatu, biskuti, dawa za kikohozi, mtungi wa umbo la bata bukini wenye utepe wa buluu shingoni.

Clifford akasema kwa furaha, "Ah, supu zangu!"

Maureen alikuwa ameligundua kabati hilo wiki ya pili baada ya jiko kukamilika, na hakumwambia mtu. Alikuwa ameweka humo kwa siri kila alichodai ameachana nacho. Uso ulimgeuka rangi zote ambazo jiko lake halikuwa nazo. Lakini yule mama hakuzaliwa jana. Alinyoosha mgongo, akapiga makofi mara mbili, akasema, "Na hii, mabibi na mabwana, ndiyo sehemu niliyoiacha mwisho makusudi."

Wakasahau rafu na bakuli zake zote. Walipanga foleni kuingiza vichwa stooni, wakafungua na kufunga ule mlango mpaka nikahofia bawaba. Wanne walimwagiza Berna stoo kama hiyo siku hiyo hiyo. Na Berna alikuwa ametoka nje, ameshikilia nguzo ya baraza, anacheka mpaka machozi yanamdondokea kwenye kahawa.

Maureen alimfuata huko. Mimi nilikuwa nyuma nikitafuta viatu vyangu.

"Umefanya makusudi."

"Ni Aldo aliyeegemea."

"Utanikoma, Berna Rautio. Sijui lini, sijui vipi, lakini utanikoma."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mzee wa kuegemea, siku nikikuita utakuja bila kuuliza." Nikasema ndiyo, mama. Nilikuwa na kiatu kimoja mkononi.

Miaka miwili ikapita bila kitu.

Wakati huo kila mtu mwenye jiko jipya alikuwa anataka lile bomba la juu ya jiko, lenye mkono mrefu wa kukunja, linalotoka ukutani na kujaza maji kwenye sufuria papo hapo motoni. Berna alilichukia kama mwizi. Aliliita pua ya tembo. Wateja wakilitaja aliwauliza swali moja: "Litajaza sufuria, sawa. Atakayeimwaga nani? Si bado utaibeba imejaa maji ya moto mpaka sinki? Mnanunua nusu ya msaada, tena ile nusu isiyo ya hatari." Aliisema hotuba hiyo dukani, kanisani, kwenye sauna. Mimi mwenyewe nilipoteza kazi kadhaa kwa ajili yake.

Kisha bega lake la kulia likakataa. Miaka arobaini ya randa na msumeno ilikuwa imelila. Wakampasua bega katika mji wa Green Bay, akabaki kwa dada yake siku kumi karibu na hospitali, na Gordon, mumewe, dereva wa gari la kuondoa theluji, akabaki Kivela peke yake. Siku ya pili simu yangu ikalia.

"Aldo," ikasema ile sauti ya filimbi. "Chukua vifaa vyako."

Nilimkuta Maureen jikoni kwa Berna. Na Clifford, aliyestaafu sasa, amevaa miwani yake ya kazini. Mezani palikuwa na pua ya tembo ya shaba inayong'aa, yenye madoido, kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Ilifaa hotelini.

"Ukutani kwake?" nikauliza. "Maureen, ataniua."

"Atakuwa na mkono mmoja. Mkimbie."

Gordon alikuwa ameshika kofia yake mlangoni. "Mimi sijaona kitu," akasema. "Mimi niko barabarani nasukuma theluji." Akaondoka. Akarudi baada ya dakika moja. "Mabomba ya maji baridi yanapita upande wa kushoto," akasema, akaondoka tena.

Sharti la Maureen lilikuwa kwamba lifichwe, kama Berna anavyoficha. Kwa hiyo Clifford ndiye aliyetengeneza kijimlango kidogo juu ya jiko cha kulifunika. Alifanya kazi kwa vidole vyepesi vya mtu aliyeziba meno maisha yake yote, lakini ubao si jino. Kijimlango kilipinda. Kwa macho yangu kilipinda kidogo. Kwa macho ya Berna kilikuwa kama mtu aliyelala kitandani na viatu.

"Ataona akivuka kizingiti," nikasema.

"Ndicho ninachotaka," akasema Maureen. "Nataka simu. Nataka apige simu anipigie kelele."

Berna alirudi Jumatatu. Simu haikulia. Jumanne haikulia. Wiki ikaisha. Maureen alinipigia mimi kila siku: amesema nini? Hajasema kitu. Gordon anasemaje? Gordon anasema anasukuma theluji. Wiki mbili. Maureen akaacha kula vizuri. "Amekasirika kweli," akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na filimbi. "Nimeingilia nyumba ya mgonjwa, Aldo. Nimetoboa ukuta wa mtu anayeumwa. Mimi ni mtu wa namna gani?"

Wiki ya tatu alishindwa. Akaniambia nimpeleke, tukaombe radhi, mimi ning'oe bomba. Tulifika kama saa kumi jioni, jua bado lipo. Njia ya kwenda mlango wa nyuma inapita dirisha la jiko, na Maureen, aliyekuwa mbele, akasimama ghafla nikamgonga.

Berna alikuwa mbele ya jiko, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa. Kijimlango kilikuwa wazi. Kwa mkono wa kushoto alikuwa amelivuta lile bomba la shaba mpaka juu ya sufuria kubwa ya viazi, maji yanatiririka, na alikuwa anaongea nalo.

"Polepole, mrembo," alikuwa anasema. "Usinimwagikie. Ee, hapo hapo. Vizuri."

Maureen aliweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kugonga dirisha kwa ngumi zote mbili.

Sijawahi kumwona Berna Rautio akishtuka kabla ya siku hiyo. Alifunga kijimlango kwa kiwiko, bomba likiwa bado nje, likapigwa, likaning'inia. Akafungua mlango wa nyuma akiwa amekunja uso.

"Mnataka nini?"

"Ulikuwa unaongea na nani?" akauliza Maureen.

"Na viazi."

"Viazi virembo?"

Tukaingia. Nilikitazama kijimlango. Kilikuwa kimenyooka. Bawaba zilikuwa mpya, kingo zimepigwa msasa, na ndani palikuwa na sumaku ya kukifungia. Alifanya hayo yote kwa mkono wa kushoto, akiwa na mshono mbichi.

"Mlango ulikuwa umepinda," akasema Berna, kabla hatujauliza. "Clifford aendelee na meno."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Ulitaka nipige simu."

Maureen akavuta pumzi. "Aldo amekuja kuling'oa. Nilikosea. Wewe ulisema halina maana na nyumba ni yako."

"Halina maana," akasema Berna. "Nusu ya msaada. Nimesema miaka yote na sijabadilika." Akafunua sufuria, na ndani yake mlikuwa na nyingine, nyembamba, yenye matundu kama chujio na mpini mrefu. Akainyanyua kwa mkono ule mmoja. Viazi vikaja juu, maji yakabaki. "Nusu ya pili nimejitengenezea mwenyewe. Sasa Aldo akiligusa hilo bomba, nitamvunja kidole."

Maureen akaketi kwenye kiti cha Gordon na kulia kidogo, akisema halii. Berna akamwekea viazi mbele yake, na siagi, na chumvi. Hawakusema mengi. Mimi nilikula vitano.

Tangu hapo Berna alipokwenda na kigoda chake kwa mteja, aliongeza swali ambalo hakuwa akiuliza zamani. Baada ya kuhesabu hatua alisema, "Sasa niambie unaumwa wapi." Watu walidhani ni mzaha. Wakijibu kiuno, au goti, au vidole asubuhi, aliandika. Na mtu akitaka pua ya tembo, alimuuliza habari ya mabega yake kwanza, akamkubalia au akamkatalia kwa kuzingatia hilo.

Clifford alifariki mwaka 2019, mwezi wa Novemba. Maureen aliacha kupika. Alikula biskuti amesimama. Februari alimpigia Berna akamwambia anataka jiko lote liwe jeusi, kila mahali sasa ni jeusi, ameona kwenye simu. Berna hakubishana. Alichukua brashi mbili na makopo manne ya rangi, akaniambia nije nifungue sinki, na wale wanawake wawili wakaanza kupaka kutokea dirishani.

Saa saba mchana walikuwa nusu ya njia. Maureen akarudi nyuma akatazama.

"Berna."

"Naam."

"Ni baya."

"Ni baya sana."

"Limekaa kama tanuri."

"Nilikuwa nasubiri uone."

Wakaweka brashi chini. Maureen, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akafungua friji kuona kuna nini cha kupika, akatuuliza kama tuna njaa. Tulikula, tukaongea habari za Clifford na supu, na rangi ikakauka ilipokauka. Hawakuimaliza na hawakuifuta. Jiko likabaki jeusi upande wa dirisha na jeupe upande wa friji, mstari wa kutenganisha umekatwa sawasawa katikati, maana Berna hata akiacha kazi njiani huiacha ikiwa imenyooka.

Kiangazi hicho mke wa meneja wa benki alipita kunywa chai. Akasimama mlangoni akalitazama jiko kwa muda mrefu.

"Hii ni nini, Maureen? Ni fasheni ya sasa hivi?"

Maureen akamwangalia Berna, aliyekuwa amekaa pale na pasti mkononi. Berna akatafuna, akameza.

"Ni ya mwakani," akasema. "Huku bado haijafika."

Kabla theluji ya kwanza haijaanguka niliunganisha masinki kwenye nyumba mbili za mtaa wa juu, majiko nusu jeusi, nusu jeupe, na Berna ndiye aliyetengeneza milango. Hakucheka hata mara moja mbele ya wateja. Kwenye lori nilimuuliza kama dhamiri haimsumbui.

"Kwa nini?" akasema. "Nyumba ya kwanza nimewafichia ubao wa unga. Ya pili, hawajapata bado. Na wewe ukiegemea popote, Aldo, nitakushusha hapa hapa barabarani."